Ufizi wa Mzee Odera Ulionidanganya

Vijana wangu wa chumba cha meno, mlinipa keki, mkanipa blanketi, mkanipa hotuba tano ndefu kama foleni yetu ya Jumatatu, kisha mkaniomba niandike "kitu kidogo" kuhusu miaka yangu ya kazi. Kitu kidogo mimi sijui kuandika. Mnanijua. Nikianza kusimulia vile nilinunua viazi, mtu anaweza kwenda Kitale na kurudi anikute bado sijafika sokoni. Lakini nitajaribu. Vyeo sitavitaja, maana vilikuwa vichache na havikuniongezea kimo. Nitawaambia kuhusu ufizi, na kuhusu mzee mmoja wa mtaa wa Pioneer mwenye tarumbeta, ambaye nilikaribia kumpotezea meno ya mbele kwa kumsifu.

Niliingia kliniki na fagio, si na cheti. Wakati huo chumba cha meno kilikuwa ghorofa ya kwanza, juu ya duka la mbegu, na kilikuwa kidogo hivi kwamba mgonjwa akipiga chafya, sote watatu tulifuta miwani, hata mimi ambaye sikuwa na miwani. Kompresa ilinguruma kama trakta inayolima Uasin Gishu yote kwa siku moja. Wiki yangu ya kwanza, msaidizi wa Daktari Jelagat hakuja. Daktari akachungulia mlangoni, akaniona na ndoo yangu.

"Beatrice, nawa mikono. Njoo ushike taa."

Nikashika taa. Niliishika kwa nguvu hata mgonjwa, dereva wa lori la mahindi, akauliza kama amekamatwa. Daktari hakucheka. Alikuwa mwanamke mrefu, mtaratibu, wa maneno kama kumi kwa siku, na manane kati ya hayo yalikuwa "fungua." Alisema tu, "Mwangaza uende mdomoni, Beatrice. Dhamiri yake iache." Tangu siku ile sikurudi kwenye ndoo kwa moyo wote.

Shule nilimalizia jioni, baada ya kazi, kwenye darasa ambalo mimi ndiye nilikuwa mkubwa kuliko mwalimu. Nilifanya mtihani wa kidato cha nne nikiwa na watoto wawili sekondari. Mmoja alinifundisha hesabu. Mwingine alikuwa akificha matokeo yangu ya kemia ili baba yake asivunjike moyo. Baadaye nikasomea kazi ya meno yenyewe, na nilipopata cheti nilikilaminisha siku hiyo hiyo, pale mjini, kikiwa moto kama chapati. Kumbukeni cheti hicho. Kosa langu lilitoka humo.

Kabla ya kosa, niwaambie vifaa. Ninyi mna mashine za kuimba na taa za buluu, na hongera. Daktari Jelagat alinifundisha kwa vitu viwili: kioo na rula. Rula ni kile kijiti chembamba cha chuma chenye alama za milimita, mnachokijua, ambacho kazi yake ni kuingia taratibu kati ya jino na ufizi na kusema kina cha mfuko ulioko pale. Mbili au tatu, uko salama. Kuanzia nne unaanza kukohoa kidogo. Ikifika saba, mfupa unaoshikilia jino unaliwa, na jino limebaki kama mlingoti kwenye matope.

Kioo nacho hakikuwa cha daktari. Alimpa mgonjwa akishike mwenyewe, ati ajionee. Nilidhani ni heshima. Siku moja akaninong'oneza, "Angalia vidole." Mtu akishika kioo, mkono wake uko juu, kwenye taa, na vidole viwili vya mvutaji huwa na rangi ya chai ya maziwa iliyoungua. Kisha hakuuliza, "Unavuta sigara?" Aliuliza, "Ya mwisho ulivuta lini?" kwa sauti ya mtu anayeuliza saa ngapi. Na watu walijibu! "Asubuhi, daktari." Mtu mzima, mzee wa kanisa, anajibu asubuhi kabla hajakumbuka kudanganya.

Sasa, cheti changu kikiwa bado na joto, Daktari akaenda kupima watoto wa shule kwa siku mbili, akaniachia chumba. Kwenye benchi, asubuhi ya kwanza, alikuwa ameketi Mzee Odera.

Mzee Odera alikuwa fundi wa trakta, mtu wa upande wa ziwa aliyehamia Eldoret akiwa kijana na akakataa kurudi. Jumapili alikuwa mpiga tarumbeta wa kanisa lao la Pioneer. Nasema mpiga tarumbeta; ukweli ni kwamba akipuliza noti ya juu, ng'ombe wa Iten walinyanyua vichwa. Kando yake benchini alikuwa ameketi mke wa mchungaji wake, na kando ya huyo kwaya karibu nusu, maana ilikuwa siku yetu ya kupima bure.

Mimi, mwenye cheti, nikasimama mlangoni na fomu, nikauliza kwa sauti ya mwalimu mkuu:

"Mzee Odera! Unavuta sigara?"

Benchi lote likamgeukia. Mzee akaweka mkono kifuani.

"Sigara? Mimi? Nyara, mimi napuliza tarumbeta ya Bwana."

Nyara kwao ni binti yangu. Nilifurahi kuitwa binti, nikasahau kwamba mtu huyu hakusema ndiyo wala hapana. Nikaandika "hapana." Kioo nilikishika mwenyewe, kwa sababu sasa mimi ndiye daktari. Na hata ningempa, mikono yake ilikuwa na mafuta ya gia hadi kwenye viwiko. Vidole vyake vingekuwa vya zambarau nisingejua. Mdomo ulinukia peremende, peremende nyingi sana, kama duka zima limemwagika humo. Hilo nalo nikaliona ni usafi.

Nikabonyeza ufizi kwa kidole. Mgumu. Nikasugua. Hakuna tone la damu. Rangi yake ilikuwa ya kupauka, imetulia kama ukuta uliopigwa plasta. Rula ilikuwa bado kwenye chombo cha kuchemshia vifaa, na foleni ilikuwa imefika ngazini. Nikaiacha huko. Nikaandika kwenye kadi yake ya kwenda nayo nyumbani, UFIZI SAFI, nikapiga mstari mara mbili. Halafu, nisameheni, nikatoka naye hadi benchini nikatangaza: "Mnaona huyu? Huyu ndiye mtu anajua kupiga mswaki. Mfuateni huyu." Mama mchungaji akapiga makofi. Mzee Odera akainama kidogo, kama mtu anayepokea kombe.

Miezi ikapita. Siku moja akarudi, akaingia, akafunga mlango mwenyewe, akaketi kwenye kiti bila kuambiwa.

"Nyara, nilikudanganya."

"Kuhusu nini, mzee?"

"Mimi huvuta. Miaka thelathini. Nilikuwa navuta nyuma ya karakana, nyuma ya choo, nyuma ya kanisa. Mke wangu, Mama Akoth, peke yake ndiye alijua, na hata yeye nilimwambia ni moshi ya trakta."

"Na sasa?"

"Sasa nimeacha! Pumzi ilikuwa inanikatikia katikati ya wimbo. Nikasema basi, yatosha, nikatupa pakiti kwa choo. Wiki tatu. Halafu angalia." Akatoa mswaki mfukoni, umefungwa kwa gazeti. Nywele zake zilikuwa za waridi. "Kila asubuhi damu. Nikipuliza tarumbeta, kile kipande cha mdomoni kinakuwa nyekundu. Nilipokuwa navuta, ufizi yangu ilikuwa ya kupigiwa makofi. Nimeacha, natema damu kama mbuzi wa Krismasi. Sasa wewe ndiye umesoma. Niambie."

Vijana, ninyi mnajua jibu. Mimi pia nilikuwa nimelisoma, mahali fulani kati ya ukurasa na usingizi. Lakini kumjibu vizuri kungemaanisha ile kadi yenye mistari miwili ni uongo, na cheti changu bado kilikuwa ukutani kikiniangalia. Nikamwambia, "Labda mswaki wako ni mgumu. Nunua laini." Hayo ndiyo maneno ya kijinga kuliko yote niliyowahi kusema kwenye chumba kile, na nimesema mengi.

Mzee Odera hakununua mswaki. Alinunua sigara. Baada ya muda damu ikapungua, ikapungua tena, ikakata. Yeye ni fundi. Amezoea kubadilisha kifaa kimoja na kusikiliza injini. Akaona ushahidi umekamilika.

Mimi sikujua lolote hadi walipofika mafundi wawili wa karakana yake, ovaroli na yote, wakasimama dirishani pa kadi. Daktari Jelagat alikuwa nyuma yangu akichemsha vifaa.

"Madam Beatrice ni wewe?" mmoja akauliza kwa adabu. "Tulikuwa tunataka kujua, ni sigara gani inafaa ufizi? Ile ya filta ama ile kali?"

"Nani amewaambia sigara inafaa ufizi?"

"Si Mzee Odera! Anasema wewe ndiye ulithibitisha. Ametubandikia kadi kwa ukuta wa karakana, iko na mistari mbili."

Sikugeuka. Nilisikia tu koleo ikiwekwa kwenye trei, pole pole.

"Beatrice," Daktari akasema. "Rula ilisema ngapi?"

Nikaanza kupanga kadi ambazo zilikuwa zimepangwa tayari. Mafundi wenyewe wakaanza kunihurumia.

"Mlete," akasema.

Nikapanda boda boda hadi Pioneer nikiwa na koti jeupe, watu wakidhani kuna mtu anakufa. Karakanani Mzee Odera alikuwa ameketi juu ya gurudumu la trakta, tarumbeta mapajani. Hakuwa anapuliza. Alikuwa anaishika tu, na kunigeukia akageuka kama mtu aliyefiwa.

"Nyara, umekuja wakati mzuri. Noti ya juu imekataa."

"Imekataa vipi?"

"Hii jino." Akaweka kidole kwenye meno ya mbele ya juu, na nikaona jino likisogea kama ufunguo ndani ya kufuli bovu. "Shaba ikigusa, inacheza. Nikikaza mdomo, inauma. Nimepuliza hii kitu tangu niwe na miaka kumi na nne. Kama meno ya mbele inaenda, mimi nitakaa benchi na akina nani? Na wale wa kushika vitabu vya nyimbo?"

Pale ukutani, kati ya kalenda ya mbolea na mkanda wa feni, kadi yangu ilikuwa imebandikwa. UFIZI SAFI. Mafundi kama sita walikuwa wanatusikiliza, wengine sigara masikioni. Nilikuwa nimemsifu mbele ya watu. Nikaona sina njia nyingine ila kujishtaki mbele ya watu.

"Mzee, hiyo kadi ni ya uongo. Na si wewe uliyedanganya zaidi. Wewe ulidanganya kuhusu sigara. Mimi niliandika kitu ambacho sikupima. Na uliporudi na mswaki wako, nilishajua kuna kitu, nikaona aibu, nikakwambia habari ya mswaki laini. Ndugu zangu, hakuna sigara inayofaa ufizi. Si ya filta, si kali, si ya kukopwa kwa jirani."

Mzee Odera akamwambia fundi mmoja, "Toa hiyo kadi kwa ukuta. Lakini usitupe. Nitahitaji ushahidi."

Kwenye kiti, Daktari alimpa kioo ashike. Mafuta yalikuwa yameoshwa safari hii, na vidole vilikuwa rangi ya chai iliyoungua, sawasawa na somo. Akaingiza rula, jino baada ya jino, akiita, mimi nikiandika.

"Nne. Sita. Saba. Saba. Nane."

"Hizo ni alama?" mzee akauliza, mdomo nusu wazi. "Nimepita?"

"Hapa, mzee," nikamwambia, "anayepata alama nyingi ndiye amefeli."

Ndipo Daktari Jelagat akatumia maneno ya wiki nzima kwa mara moja. Alivuta kigoda, akaketi chini kidogo kuliko mgonjwa. "Mzee, una mbwa nyumbani?"

"Niko naye."

"Mwizi akimpa mbwa nyama ya dawa, usiku utasikia nini?"

"Sitasikia kitu."

"Na utasema hakuna mwizi. Moshi ndio hiyo nyama. Unabana vile vimishipa vidogo vya damu kwenye ufizi, damu inapungua, ufizi unapauka, unatulia. Uchafu uko chini, mfupa unaliwa, na mbwa amelala. Na ukiendelea kuvuta, hata mwili wako unakosa nguvu ya kupigana na mwizi. Ulipoacha sigara, mbwa aliamka. Ile damu haikuletwa na kuacha. Mbwa alikuwa anakuambia kitu kilichokuwepo kitambo."

Mzee Odera akaweka kioo chini. "Na mimi nikamrudishia nyama."

"Ukamrudishia."

Jino moja, la pembeni, lilikuwa limeshaaga. Yale mawili ya mbele, ya katikati, ambayo ndiyo tarumbeta yenyewe, Daktari alisema tutayapigania lakini hatoi ahadi. Na kwamba tukisafisha huku anavuta, ni sawa na kupaka rangi nyumba inayovuja. Tukamdunga ganzi, tukaanza kukwangua ugaga, ule uchafu uliogeuka jiwe, chini ya ufizi, robo ya mdomo kila wiki. Nilitoa humo ugaga wa kujenga daraja la mto Sosiani. Haya, si daraja. Nguzo moja.

Kazi ngumu haikuwa hiyo. Kazi ngumu ilikuwa mkono wake kukosa kitu. Nilimwambia atafute cha kuweka kwenye mfuko wa ovaroli pale pakiti ilipokaa. Akaweka kile kipande cha mdomoni cha tarumbeta. Kila hamu ikimshika, alikitoa akakipuliza peke yake, bila tarumbeta. Kama hamjawahi kusikia, ni sauti ya bata anayekanyagwa. Mara ishirini kwa siku, mara arobaini! Mwezi haujaisha, wale mafundi wawili wakarudi dirishani.

"Madam, tafadhali. Mrudishie sigara."

Hakurudishiwa. Aliteleza mara mbili, akaja mwenyewe kusema, bila kuulizwa ya mwisho ilikuwa lini. Nilimwambia arudi karakanani apulize bata wake. Kisha siku moja asubuhi, kliniki imejaa, tukasikia kelele ngazini. Mzee Odera akaingia na mswaki juu kama mwenge, wa waridi kabisa, mke wa mchungaji yuko kwenye foleni na kila kitu.

"Nyara! Mbwa amebweka!"

Watu wakadhani nyumba yake imevamiwa. Mimi nilimkumbatia. Na mbwa huyo, kwa jinsi tulivyoendelea kusafisha na yeye kupiga mswaki, alibweka kwa muda, kisha akanyamaza kwa sababu iliyo sawa: mwizi ametoka. Nane ikawa sita, sita ikawa nne. Ile noti ya juu ilichukua karibu mwaka kurudi. Jino la pembeni ni la bandia, na huwatolea wajukuu wake kila wakikataa kulala. Amewaharibu kabisa watoto wale.

Tangu hapo sikuandika neno "safi" kwenye kadi ya mtu yeyote. Wengine wenu mlinung'unika kwamba Madam hasifu wagonjwa. Sasa mnajua. Naandika namba. Mvutaji akija na ufizi mzuri usiotoka damu, mimi ndipo natafuta rula kwa haraka, na akiacha sigara namwambia mapema, kabla hajatoka mlangoni: utaona damu, usiogope, usirudie, njoo.

Siku ya kuniaga mlikuwepo. Mlimwona mzee mwenye suti ya kijivu akisimama katikati ya hotuba ya tatu, akapuliza hadi vikombe vikatetemeka, na noti ya juu akaishikilia kwa makusudi akiniangalia. Mlipiga makofi. Kisha mkamwona akifungua sanduku la tarumbeta, akatoa kadi ya zamani yenye alama za gundi na mafuta ya gia, akanipa kalamu.

"Nyara, leo unaenda nyumbani. Hii kadi ilikuwa ya uongo, leo iko na ukweli. Piga sahihi tena hapo kwa safi."

Mkacheka nilipoweka keki chini nikauliza glavu ziko wapi. Mlidhani ni utani. Nilimshika mkono tukaingia chumbani, nguo yangu ya sherehe na yote, na Daktari Jelagat, ambaye alistaafu kabla yangu na alikuwa amekuja kula keki tu, akatufuata akawasha taa bila kuambiwa. Nikampa mzee kioo. Vidole vilikuwa rangi ya vidole.

"Fungua."

Tatu. Tatu. Mbili. Tatu. Nne, pale nyuma. Nikaziandika chini ya ile mistari miwili, moja baada ya nyingine, nikampa kadi. Akaisoma, akanuna kama mtoto.

"Na neno safi?"

"Hiyo nne ya nyuma, mzee, sijaipenda. Rudi baada ya miezi sita. Utawakuta hawa vijana. Wakipima wakaridhika, wataandika wao."